Kupe wa Meja na Maneno Niliyomnyima Baba Yako

Laini ya Chini, karibu na Gilgil
Jumapili, saa tisa mchana

Mwanangu Nekesa,

Umekwenda kanisani kuwaaga wenzako wa kwaya, nami nimebaki hapa mlangoni na kalamu ya risasi niliyoazima kwa karani wa shamba. Karani ameniuliza mara mbili namwandikia nani. Nimemwambia naandika majina ya ndama. Mtu anayeuliza mara mbili ana jambo lake, kwa hiyo nikimaliza nitaibandika barua hii kwa uji mzito na kukupa kwa mkono wangu mwenyewe. Ukikuta imebandikwa mara mbili, ujue kuna mtu ameshaisoma.

Sitakuandikia habari za baridi ya Mau Narok, wala kusali, wala kutunza mshahara. Mke wangu amekwambia hayo tangu Jumatano, na mengine ameyarudia mpaka kuku wanayajua. Mimi nina jambo moja, na nitalisema hapa juu kabisa kabla sijapotea njia, maana najijua nikianza kusimulia.

Baba yako hakumpa sumu yule mbwa. Barasa, baba yako mzazi, hakumuua Meja. Nilimuua mimi, wakamfukuza yeye.

Siku ile ulipokuwa unakunja nguo zako nilikusikia ukimwambia mke wangu, "Wanasema yuko huko Mau Narok, anawapikia watu wa mashine za ngano. Nikikutana naye nitampita kama mti." Ulisema hivyo huku unakunja gauni, bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya sabuni. Ugali ukanishinda. Mke wangu akafikiri ni tumbo, akanichemshia majani machungu, na mimi nikayanywa.

Kesho lori la viazi linakupeleka huko huko. Kutoka shamba utakalofanya kazi mpaka kwenye mashine anazopikia si mbali, chai haiwezi kupoa njiani. Mtakutana. Na ukimpita kama mti, utakuwa umempita kwa sababu ya uongo wangu. Ndiyo sababu naandika. Soma mpaka mwisho, kwa maana mwishoni kuna swali, na nitalihitaji jibu asubuhi.

Sasa kazi yenyewe, hii ya uyaya kwa memsabu wa kizungu. Mimi kazi hii sijaiamini hata siku moja. Memsabu mwenye watoto hutafuta yaya, hilo naelewa. Memsabu asiye na mtoto, mwenye mbwa wanne, anatafuta yaya wa nini? Nilimuuliza Otieno, dereva wa lori, ambaye hupeleka magunia pale kila wiki.

"Ni wa mbwa, Mzee Wafula," akasema. "Kuwaosha, kuwachana, kuwatoa kupe. Wanalala ndani, juu ya blanketi."

"Blanketi za nani?"

"Zao."

"Na yaya analala wapi?"

"Nje, chumba cha nyuma."

"Yeye ana blanketi?"

Otieno akacheka, akatia gia, akaenda. Mtu ukimuuliza habari ya blanketi halafu akacheka, jibu umeshalipata. Ndiyo maana nimekufungia lile langu la kijivu. Usimwambie mke wangu mpaka ufike.

Kazi yako kubwa kule itakuwa kupe. Na kwa mambo ya kupe, kutoka Nakuru mpaka juu Mau hakuna mtu wa kunizidi. Mimi ni mtu wa josho kwa miaka kumi na sita. Ng'ombe mia nne hupita mbele yangu kila wiki, wanaruka ndani ya ile dawa mmoja mmoja, na wanaponiona hujipanga wenyewe. Niliwahi kumtoa nyati kupe mkubwa kama yai la kwale, kule kwenye vichaka vya leleshwa, nyati amesimama tu ananitazama kama mgonjwa anavyomtazama dresa wa zahanati. Unaijua hadithi hiyo. Umeisikia tangu ukiwa mtoto, na kila mwaka yule nyati anaongezeka pembe.

Nekesa, nyati hakuwepo. Alikuwa ng'ombe dume wa Bwana, tena alikuwa amefungwa. Nakuambia hilo ili ujue leo naandika kwa kalamu nyingine. Kuanzia hapa siongezi chumvi.

Ulikuwa na miaka saba. Tulikuwa hapa hapa, kwa huyu huyu mzungu wetu, Bwana Kofia, wakati memsabu wake bado yuko hai. Baba yako alikuwa mpishi wa nyumba kubwa, mimi mtu wa josho. Mama yako, dada yangu Nasimiyu, alikuwa akichuma maua ya pareto. Na Meja alikuwa mbwa wa Bwana, mrefu, mwekundu, masikio yamelala kama majani ya tumbaku. Bwana alimpenda kuliko gari. Kila siku Meja alikwenda kuwinda sungura kwenye leleshwa na kurudi amejaa kupe, ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya ule mkanda wa shingoni, kwapani, hata chini ya mkia.

Baada ya chakula cha mchana, baba yako alikuwa akikaa kwenye ngazi ya jikoni na kumwita. Mbwa alilala chali bila kuambiwa. Baba yako alikuwa na kibano kidogo, kile wanawake wa kizungu hutumia kung'oa nyusi, memsabu alimpa. Alipitisha vidole polepole kinyume cha manyoya mpaka akagusa kivimbe. Akayatenga manyoya, akamshika kupe chini kabisa, pale kinywa kinapoingia kwenye ngozi, si kwenye tumbo. Halafu akavuta. Hakunyakua wala hakuzungusha. Alivuta juu, moja kwa moja, taratibu, kwa nguvu ile ile, mpaka kupe akaachia mwenyewe na miguu yake inacheza. Akamtumbukiza kwenye kopo la spiriti. Pale palipotoka kupe akaosha kwa maji na sabuni, akanawa mikono, akaendelea na mwingine. Hakuwaponda kwa kucha hata siku moja. Alisema ile damu ya ndani ina ugonjwa na hujui kidole chako kina mkwaruzo wapi.

Mimi nilipita nikamwona, na moyo ukanichemka. Kupe ni kazi yangu kwa cheo. Kwenye daftari la karani imeandikwa: Wafula, josho. Wapi imeandikwa Barasa, kupe? Tena nilimsikia Bwana akipita akasema, "Barasa, wewe mzuri sana kwa mbwa." Kwa mbwa! Mimi ng'ombe mia nne na sijaambiwa mzuri hata kwa ndama.

Basi nikaanza kumshuku. Nikajiambia, mpishi huyu anataka nini kwa mbwa? Anajipendekeza ili apewe josho langu. Halafu nikaona anampa Meja mifupa yenye nyama. Nikasema, aha. Nikaona anaongea na mbwa kwa sauti ya chini. Nikasema, aha tena. Unajua mtu akishaanza kusema aha, kila kitu kinamjibu.

Siku moja nilimfuata pale kwenye ngazi. Meja alikuwa na kupe mkubwa ndani ya sikio, wa kijivu, amejaa kama punje ya hindi lililolowa.

"Sogea, shemeji," nikamwambia. "Hiki kibano ni cha wanawake. Kupe hutolewa kwa moto."

"Usimchome, shemeji," akasema. "Ukimchoma anatapika ndani ya mbwa kabla hajatoka. Vuta tu, polepole."

"Nani amekufundisha?"

"Hakuna. Nimeona."

"Wewe umeona sufuria. Mambo ya kupe niachie."

Akanipisha. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia ya baba yako, alikuwa mtu wa kumpisha mwenzake. Nikampaka kupe mafuta ya taa, hakuachia. Nikawasha sigara, nikamgusa nayo. Meja akalia, akatikisa kichwa, moto ukamwunguza sikio. Nikamnyakua yule kupe kwa vidole, akakatika katikati, tumbo mkononi mwangu, kichwa kikabaki kwenye nyama. Nikachukua mwiba wa mchongoma nikachokoa. Baba yako akasema, "Acha, shemeji, acha tu, ngozi itakisukuma chenyewe. Osha, basi." Mimi nikachokoa zaidi, maana walikuwa wanatazama wale wasichana wa kufua, na mmoja alishaanza kucheka.

Baada ya siku tatu sikio lilivimba kama andazi. Bwana akauliza nani amefanya hivi. Baba yako alikuwa amesimama pale pale na trei. Angeweza kunitaja. Akasema, "Alichomwa na mti, Bwana." Mimi nilikuwa nyuma ya tangi la maji, nikasikia. Unafikiri nilishukuru? Nilisema moyoni, ananificha kwa nini huyu? Ananiwekea deni gani?

Hapo ndipo nilipofanya lile kubwa.

Nilitaka kuonyesha nani mwenye kupe katika shamba hili. Jumamosi, Bwana na memsabu walikwenda Nakuru kununua vitu. Nikamwita Meja kwa kipande cha mkate, nikampeleka joshoni. Nikajiambia, dawa inayoua kupe wa ng'ombe mia nne itashindwaje na kupe wa mbwa mmoja? Sikumtupa ndani ya josho, aliogopa. Nilichota kwenye lile pipa la dawa yenyewe, ile nzito ambayo haijatiwa maji, nikaiongeza maji kidogo tu kwenye ndoo, kwa sababu nilitaka kupe wafe siku hiyo hiyo, wasingoje kesho. Nikampaka mwili mzima kwa tambara. Shingo, tumbo, katikati ya vidole. Na lile sikio lenye kidonda nikalipaka mara mbili.

Kupe walianguka, Nekesa. Walianguka kama mtama. Nilisimama pale nikacheka peke yangu.

Lakini ng'ombe hajilambi kama mbwa. Meja alikwenda kulala juani na kuanza kujilamba. Alijilamba miguu, akajilamba tumbo, akajilamba mpaka akakauka. Jioni baba yako alimpa mifupa yake kama siku zote, na mimi nilimwona, na wasichana wa kufua walimwona. Usiku mbwa akaanza kutapika na kuharisha. Jumapili alikuwa anatembea kama mlevi. Jumatatu asubuhi alikuwa amekufa chini ya ngazi ya jikoni, mguu mmoja juu ya ngazi.

Bwana alituita wote uani. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka shingoni. Nyapara alisimama na fimbo yake.

"Nani napatia mbwa chakula?" Bwana akauliza.

"Mimi, Bwana," baba yako akasema.

"Chakula gani?"

"Mifupa ya mezani, Bwana. Kama siku zote."

Nyapara akatuzungukia. "Kuna mtu ameona kitu? Wafula, wewe uko na macho. Umeona nini?"

Sikiliza vizuri hapa. Mimi sikujua. Nakuapia kwa kaburi la dada yangu, wakati ule sikujua kwamba ni dawa yangu. Niliona kupe wamekufa, nikaona kazi imekwisha vizuri. Nilipotafuta aliyemuua mbwa nilitazama kila mtu pale uani. Nilimtazama nyapara, nikawatazama wasichana, nikamtazama mtunza bustani, ambaye Meja aliwahi kumng'ata. Mtu aliyeshika ndoo sikumtazama. Na moyo wangu ulikuwa umeshamchagua wa kwake tangu zamani.

Nikasema, "Niliona mpishi akimpa nyama. Ilikuwa na rangi."

"Rangi gani?" nyapara akauliza.

"Kama kijani."

Nyama haikuwa na rangi ya kijani. Sikuiona hata nyama yenyewe, niliona mkono wa baba yako unashuka na mbwa anainua kichwa. Lakini nilipolisema neno lile, niliiona. Mpaka leo nikifumba macho naiona ile nyama ya kijani ambayo haikuwepo. Hicho ndicho kinachonitisha kuliko vyote.

Baba yako hakupiga kelele. Alinitazama akasema, "Shemeji, kweli?" Basi. Nikatazama viatu vyangu.

Walimpa mpaka saa sita kuondoka shambani. Kwenye kipande chake, kile kitambulisho cha kazi, Bwana aliandika maneno ambayo hakuna mzungu angeyasoma halafu ampe jiko. Ndiyo sababu mpishi wa nyumba kubwa amepikia watu wa mashine kwenye pipa miaka yote hii. Ulikuwa umeshika kanzu yake nyeupe ya kazi, ukakataa kuiachia, na nyapara akaichukua kutoka mikononi mwako kwa sababu ilikuwa mali ya shamba. Labda hilo unalikumbuka. Mimi nilikuwa nimesimama karibu vya kutosha kukubeba, na sikukubeba.

Miezi miwili haikupita, akaja kijana wa idara ya mifugo kupima nguvu ya dawa ya josho. Kijana mdogo, kaptura imepigwa pasi, anajua mambo. Nikamsimulia kwa majivuno jinsi nilivyosafisha mbwa wa Bwana kwa ndoo moja. Nilitaka ajue anaongea na nani.

Akaacha kuandika. "Ulimpaka ya pipa? Mbwa?"

"Kupe wote wakafa."

"Na mbwa?"

Nikageuka kufunga pipa.

"Mzee," akasema, "hii ni sumu. Ng'ombe tunampitisha kwenye iliyopimwa, tena tunamzuia kunywa. Mbwa hujilamba. Alikufa baada ya siku ngapi?"

"Hakufa," nikasema. "Yupo. Anawinda."

Nilisema hivyo, Nekesa. Mbwa ana karibu miezi miwili ardhini, mimi nasema anawinda. Yule kijana alinitazama vibaya akaandika kitu kwenye karatasi yake, na kwa mwaka mzima nilipoona gari lolote la serikali nilidhani linaleta ile karatasi. Nilimshuku karani kwamba amesikia. Nilimshuku mke wangu kwamba nasema usingizini. Wale wasichana wa kufua wakicheka mtoni, nilijua wananicheka mimi. Sukari ilipopungua nyumbani nilisema mke wangu anaipeleka kwa nyapara ili amweleze mambo yangu. Tukaja kukuta njia ya sisimizi nyuma ya kabati. Nimeishi hivyo. Mtu akijua yeye ni nani, anaona wengine wote wako hivyo hivyo.

Halafu barua.

Baba yako alimwomba mtu huko Mau Narok amwandikie barua, ikaja kwa mama yako. Katika laini yetu ya wafanyakazi mimi ndiye niliyekuwa nasoma. Darasa la tatu tu, lakini nilikuwa nasoma kwa sauti kubwa mpaka watu wanadhani ni la nane. Dada yangu akanipa barua, akakaa kwenye kigoda na wewe mapajani. Nikasoma salamu. Nikasoma kwamba amepata kazi kwenye mashine na anatafuta nyumba. Halafu kulikuwa na mstari huu, naukumbuka wote: "Muulize kaka yako siku ile alimpaka mbwa nini, kwa maana alikuwa ananuka josho."

Alijua. Alimshika yule mbwa akifa, akamnusa. Alikuwa amejua tangu pale uani alipouliza, "Shemeji, kweli?" na hakunitaja.

Dada yangu akauliza, "Hakuandika chochote juu ya mbwa?"

Nikasema, "Hapana. Anasalimia tu."

Alichukua barua akaikunja. Halafu akasema, "Basi alimuua. Kama hakumuua angesema." Barua ya pili ilipokuja hakutaka nimsomee. Niliitia kwenye moto mbele yake, na ilipokuwa inaungua nilishukuru Mungu. Dada yangu alikufa kwa ugonjwa wa kifua miaka mitatu baadaye, akijua ameolewa na mtu anayewapa wanyama sumu. Na wewe nikakulea na ujuzi huo huo, nikakupa kila siku pamoja na chakula.

Sikuambii uache kushuku watu. Kule unakokwenda utahitaji macho. Siku hizi za pasi za ruhusa ya kusafiri na askari barabarani kila mtu ana swali kwa mwenzake. Mshuku Otieno akikwambia ukae mbele naye. Kaa nyuma na magunia. Mshuku mpishi wa nyumba ile akikwambia memsabu hapendi yaya anayejua kusoma. Lakini ukitaka kumtaja mtu mbele ya watu, jiulize kwanza mikono yako ilishika nini wiki ile. Mimi sikujiuliza, na imenigharimu dada na shemeji, na labda kesho wewe.

Na wale mbwa wanne, watunze kama alivyofanya baba yako pale kwenye ngazi, si kama mimi. Watazame kila siku wakitoka majanini, masikio, vidole, kwapa, chini ya mkanda. Kibano, chini kabisa kwenye ngozi, vuta moja kwa moja. Usitumie moto, wala mafuta ya taa, wala kucha. Kichwa kikibaki, kiache, osha tu. Na mtu yeyote akikuletea ndoo ya dawa ya ng'ombe akisema itamaliza kupe siku moja, mwondoe hapo hata kama ni mtu mzima mwenye sifa nyingi. Mbwa akikataa kula siku chache baada ya kupe, ufizi ukawa mweupe au mkojo ukawa mweusi kama kahawa, mwambie memsabu saa hiyo hiyo amwite daktari wa mifugo, usingoje uone. Ile ni homa ya kupe, haina subira. Jikague na wewe pia, miguu na nyuma ya magoti.

Sasa swali langu.

Nimemwomba Otieno nafasi ya pili kwenye lori. Nyapara nimemwambia naenda Nakuru kung'olewa jino, na amenipa siku mbili. Mke wangu sijamwambia kitu. Kesho asubuhi sitakuja na wewe kutoka nyumbani. Nitatangulia nikae kule barabarani, kwenye jukwaa la madebe ya maziwa, nimevaa koti langu. Lori litasimama pale kupakia. Utakuwa umeshaisoma barua hii.

Kama hutaki kuniona, huna haja ya kushuka wala kusema neno. Gonga tu bati la lori, Otieno ataondoka. Nitabaki nimeketi pale na madebe, na sitakulaumu, wala sitakuwa na la kusimulia nikirudi, na hilo kwangu ni jambo geni.

Lakini usipogonga nitapanda. Nitakaa nyuma kabisa, mbali na wewe ukitaka, na hatutaongea njia nzima ukitaka. Tukifika nitakwenda mpaka kwenye mashine za ngano, mbele ya wale watu wote anaowapikia, na nitasema mwenyewe kwa mdomo wangu. Anaweza kunipiga. Anaweza kunimwagia maji ya moto. Sijui siku hizi yukoje, sina haki ya kujua. Wewe utakuwa umesimama pale, na utamwona uso wake akisikia, na hutampita.

Mchana huu nimekwenda joshoni, hapakuwa na mtu, nikajaribu kuyatamka maneno yenyewe. Mara ya kwanza nilijikuta nimeingiza nyati. Mara ya pili nikamtaja nyapara. Mara ya tatu yametoka yenyewe, mafupi, nayo ndiyo nitakayoyasema:

Barasa, mbwa nilimuua mimi. Mtoto wako huyu hapa.

Mjomba wako,
Wafula